Herufi Moja kwenye Boksi la Konekta

Wanangu, siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya setilaiti nilifukuzwa kabla sijakalia kiti. Aliyenifukuza alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, na alinifukuza kwa adabu zote.

"Shikamoo mama," alisema. Alikuwa amevaa koti jeupe, kofia ya kufunika nywele na barakoa, yanaonekana macho tu.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani mama, naomba utoke nje."

Nikadhani nimekosea mlango. Kumbe tatizo lilikuwa mikono yangu. Upepo wa Singida mnaujua, mwezi wa saba unapausha ngozi mpaka inachanika. Asubuhi ile nilikuwa nimejipaka mafuta ya alizeti mpaka kwenye viwiko, nang'aa kama sufuria mpya. Yule binti, jina lake Rehema, ndiye aliyekuwa mhandisi wa umeme wa timu. Akanionyesha alama ya vidole vyangu kwenye kitasa cha mlango.

"Hii wewe unaiona alama ya vidole," akasema. "Kule juu hakuna hewa, mama. Mafuta haya yakipigwa na jua yanageuka mvuke, na mvuke ule unatafuta mahali penye ubaridi pa kutulia. Mara nyingi mahali hapo ni kioo cha kamera. Setilaiti yetu itapiga picha za ukungu mpaka siku ya kufa kwake."

Nikaenda kunawa kwa sabuni mara tatu. Na huko bombani, badala ya kukasirika, moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Nilikuwa nimefanya ukaguzi maisha yangu yote, na hatimaye nimekutana na mtu mkali kunizidi.

Mimi ni Eliwaza, ila wengi wananiita Mama Neema. Nimezaliwa Iramba. Kazi yangu ilikuwa moja tu tangu usichana hadi kustaafu: kukagua ubora wa vitu kabla havijafungwa mahali pake. Nilianzia reli, pale Itigi, nikakaa huko miaka mingi. Miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia hapa Singida mjini, kwenye karakana iliyotengeneza setilaiti ndogo, ukubwa wake kama boksi la viatu vya mtu mzima. Ninyi mnaoingia karakana ile sasa mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Nitaandika kama ninavyoongea, mnivumilie nikirukaruka.

Watu huniuliza mama wa reli alifikaje kwenye mambo ya anga. Aliyenichukua ni Gidion, kiongozi wa timu, kijana mrefu mwenye haraka ya maneno. Alikuja nyumbani kwangu akakuta naanua nguo. Nikamwambia mimi sijui chochote kuhusu setilaiti. Akasema wanaojua setilaiti anao tayari. "Ninatafuta mtu anayejua kupima ufa ndani ya chuma, na anayejua kukataa. Timu yangu nzima ni vijana, mama, na kila mmoja anataka kusema ndiyo."

Wakanipeleka nje ya nchi miezi kadhaa nikasomee viwango vya vifaa vya angani, nikarudi na begi limejaa makaratasi. Lakini kusema kweli, kukataa nilikuwa nimekwisha kujifunza Itigi.

Aliyenifundisha ni Mzee Athumani, mkaguzi mkuu wa sehemu yetu, mtu mfupi, mkimya, asiyeachana na nyundo yake ndogo. Alikuwa akigonga gurudumu la behewa na kusikiliza mlio, kisha anasema zima au bovu. Wakati ule tayari tulikuwa na mashine ya kupima kwa mawimbi ya sauti, naye aliitumia vizuri, ila alipenda kugonga kwanza. Siku moja kreti la bolti za kuungia reli lililetwa kwa treni ya mizigo. Lebo safi, muhuri safi. Mimi nilikuwa bado mgeni kazini. Nikasoma lebo, nikaweka sahihi, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nilimkuta Mzee Athumani amelikalia lile kreti.

"Umekagua?"

"Ndiyo, mzee."

"Umekagua nini?"

"Bolti."

"Ziko wapi?"

Nikamwonyesha kreti. Misumari ya kifuniko ilikuwa haijang'olewa hata mmoja.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Boksi halifungi reli, Eliwaza. Bolti ndiyo inafunga." Akaniletea mtaimbo na kigoda. Nilikaa juani nikazitoa zote, nikizungushia nati kila bolti kwa mkono. Wapita njia wenye madumu ya asali walisimama kunitazama, mmoja akaniuliza kama nimefungwa kifungo cha kazi ngumu. Kuelekea chini ya kreti nikaanza kukutana na bolti ambazo nati inazunguka mara mbili kisha inagoma, maana njia zake za kupitia nati zilikuwa zimekatwa vibaya. Nilimpelekea Mzee Athumani mfuko mzima. Alitabasamu, jambo la nadra, akasema sasa unaweza kwenda kunywa chai yako.

Sasa muone tofauti ya reli na anga. Bolti ikilegea Itigi, yupo mtu wa njia atakayepita na spana yake aikaze. Setilaiti ikishaondoka hakuna fundi atakayeifuata. Kwanza inatikiswa na roketi kuliko lori linalopita barabara mbovu ya porini. Halafu inaingia mahali pasipo na hewa, inachomwa na jua, inaingia kivulini na kuganda, inatoka tena juani, na mzunguko mzima ni kama saa moja na nusu tu. Siku nzima hivyo, mwaka mzima hivyo. Gundi inayoshika vizuri mezani kwako inaweza kukauka na kupasuka. Plastiki nzuri kabisa ya dukani inatoa mvuke. Kwa hiyo kila kitu, hata uzi wa kufungia nyaya, kina kiwango chake na karatasi yake, na karatasi ile lazima iseme kimetengenezwa na nani, kwa malighafi ipi, katika fungu lipi, na kimepita mikononi mwa nani mpaka kikafika kwako.

Msidhani mambo hayo yanachosha. Mimi yalinipandisha mori! Kule mafunzoni mwalimu alinikalisha mbele ya hadubini, akaweka kipande cha kifaa cha zamani kilichopakwa stani tupu, madini yale meupe yanayotumika kulehemia. Nikaona kimeota nywele. Nasema kweli, nywele! Nyembamba, zinang'aa, zimechomoza zenyewe kwenye chuma kama ndevu za mahindi. Hakuna aliyezimwagilia, hakuna aliyezigusa. Nywele moja ya namna ile ikigusa kipande cha chuma cha jirani inapitisha umeme pasipotakiwa, na chombo kinazimika. Dawa yake ni kuchanganya stani na madini ya risasi kidogo, basi hazisumbui tena. Ndiyo maana kwenye orodha yetu stani tupu ilikuwa imepigwa marufuku kwa maandishi mekundu. Nilipiga kelele mle darasani, wenzangu wakageuka. Niliomba niangalie tena, na tena, mpaka mwalimu akaenda kula akaniacha.

Niliporudi niliweka sheria zangu. Bisibisi zinahesabiwa asubuhi na jioni, na moja ikikosekana hakuna kuondoka. Skrubu iliyoanguka sakafuni haiokotwi ikarudishwa, inaingia kwenye sanduku jekundu la vilivyokataliwa, lenye kufuli, na ufunguo ninao mimi. Gidion aliwahi kuniomba skrubu mbili za sanduku lile afungie kioo cha pikipiki yake. Nikamwambia hapana. Akasema, "Mama, pikipiki haiendi angani!" Nikamjibu kwamba zikitoka tu kwenye sanduku, kesho mtu ataziona mezani na kusema kumbe hizi hapa. Alininunia mpaka saa saba mchana, njaa ilipomzidi akanifuata tugawane wali.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo mimi ndiye mkosaji wake.

Setilaiti ilikuwa imekamilika. Ilikwisha kutikiswa kwenye meza ya mtikisiko, ilikwisha kuokwa na kugandishwa ndani ya chungu kisicho na hewa, yote imefaulu. Zilibaki siku nne gari lije kuichukua kuipeleka uwanja wa ndege. Nafasi yetu kwenye roketi ya watu wa nje ya nchi ilikuwa ya kupakiwa pamoja na setilaiti za wengine, na roketi haimsubiri mtu. Kazi yangu iliyobaki ilikuwa kufunga faili la safari, yaani kupanga vyeti vyote na kuvilinganisha mara ya mwisho na lebo za maboksi.

Asubuhi, kama saa nne hivi, nikafika kwenye konekta. Ni viungo vidogo vya kuunganishia nyaya, vina meno membamba kama ya kitana. Setilaiti ilikuwa na konekta sita za aina ile, zote kwenye njia ya umeme wa betri. Cheti kilikuwa na namba ndefu inayoishia na herufi L. Nikachukua boksi. Namba ileile, tarakimu zote zilezile, ila mwishoni palikuwa na herufi M.

Nikafungua kitabu cha mtengenezaji. L: meno yamepakwa stani yenye risasi. M: stani tupu.

Chini ya fomu ya mapokezi kulikuwa na sahihi yangu. Niliikumbuka siku ile vizuri. Nilikuwa nimesahau miwani nyumbani, mwisho wa namba nikaukisia, maana muuzaji yule alikuwa hajawahi kutuletea kitu kibaya. Mwanafunzi wa Mzee Athumani, baada ya miaka yote ile, nilikuwa nimekagua boksi.

Kuna dakika mbili hapo ambazo sipendi kuzisimulia. Niliwaza kwamba faili lile likifungwa hakuna atakayelifungua. Niliwaza nywele zile pengine hazitaota, au zitaota setilaiti imekwisha kumaliza kazi yake. Niliwaza nimebakiza miezi michache nistaafu na karamu ya kuniaga. Boksi lile nikaliingiza mfukoni mwa koti. Lilikuwa jepesi kama kiberiti. Nikasimama nalo pale, nikasikia Rehema anacheka chumba cha pili, anaimba wimbo wa harusi huku akisafisha meza.

Nikaenda nikamwita, nikamwita na Gidion.

"Nimekosea," nikasema. "Konekta za betri niliziruhusu mimi, na huenda ni stani tupu."

Gidion alikaa chini kwenye sakafu. Alikaa kweli, na koti lake jeupe. "Mama Neema, unajua gari linakuja Alhamisi?"

"Najua."

"Unajua ziko katikati kabisa? Ukizitoa unaifungua setilaiti yote. Tutikise upya, tuoke upya."

"Najua, mwanangu."

Rehema alichukua cheti na boksi mikononi mwangu, akavilinganisha. Ndiye aliyekuwa ameyalehemu meno yale, moja baada ya jingine, kwa wiki kadhaa. Hatimaye akasema, "Mama, cheti ni L, boksi ni M. Kimoja kimekosewa. Labda ni boksi. Kabla sijachana kazi yangu nataka kujua chuma chenyewe ni nini."

Hapo nilimpenda kuliko siku zote. Lilikuwa swali sahihi. Lakini kipimo cha namna ile kilikuwa maabara ya mbali, na majibu yangechukua wiki. Gidion akaanza kupiga simu huku na huku. Mimi nikashika kichwa, na hapo ndipo nikamkumbuka mdogo wangu.

"Tuna konekta mbili za akiba kwenye boksi," nikasema. "Rehema, chukua moja. Twende Sekenke."

"Sekenke? Kwenye dhahabu?"

"Huko huko."

Mdogo wangu Yohana ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Zamani walikuwa wanakadiria kwa macho na jiwe, wakigombana kila siku. Siku hizi ana kile kifaa cha kupimia kwa mionzi, umbo lake kama kikaushia nywele cha saluni. Unakielekeza kwenye kitu, unabana, kinakuandikia kina madini gani na kwa kiasi gani. Na kifaa hakijui kwamba kiko Sekenke. Ukikibadilisha mpangilio kinasoma stani kama kinavyosoma dhahabu.

Gidion alitupa pikapu ya karakana. Rehema aliipeleka mbio, tukapita Misigiri, tukateremka mlima wa Sekenke nimeshikilia dashibodi kwa mikono yote miwili na konekta iko kifuani ndani ya kimfuko chake. Saa nane mchana tulikuwa kwa Yohana. Kulikuwa na foleni ya wachimbaji wenye vumbi mpaka kope, kila mmoja na kijikaratasi chake cha dhahabu kiganjani.

"Dada, shikamoo! Leo umeniletea mali?"

"Marahaba. Nimekuletea stani, nadhani."

Yohana alitazama kile kitu kidogo, akanitazama mimi, akamtazama Rehema aliyekuwa bado na kofia ya nywele kichwani. Aliwaomba wachimbaji radhi, akabadilisha mpangilio, akaiweka konekta mezani, akaielekezea kifaa na kubana. Foleni nzima ikasogea kuchungulia. Namba zikaanza kutembea kwenye kioo, zikatulia.

"Stani," akasoma Yohana. "Karibu yote stani. Risasi hakuna hata chembe."

Alirudia mara tatu, jino moja moja, kwa sababu Rehema alimwomba. Jibu likawa lilelile.

Mchimbaji mmoja mzee kidogo akanigusa bega. "Pole mama. Kwa hiyo ni feki?"

"Hapana, baba. Ni halisi kabisa. Ila siyo ya kazi yetu."

"Kazi yenu ipo wapi?"

Rehema akanyoosha kidole juu, kwenye mbingu. Yule mzee akatazama juu muda mrefu sana, kisha akawageukia wenzake, "Basi wapisheni wapite, wana haraka hao!" Wote wakacheka, wakatufungulia njia.

Tukiwa tunapanda mlima kurudi, Rehema akaniuliza bila kunitazama, "Mama, ulifikiria kunyamaza?"

"Ndiyo. Kama dakika mbili."

"Mbili tu?" Akabadilisha gia. "Mimi ningefikiria mpaka kesho."

Basi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka, na tangu hapo kazi ikawa nyepesi ingawa ilikuwa nzito.

Konekta mpya za aina sahihi zisingefika kwa wakati. Lakini kwenye yale makaratasi niliyorudi nayo mafunzoni kuna njia inayokubalika: unachovya meno kwenye lehemu ya stani na risasi iliyoyeyushwa, mpaka ile stani tupu inamezwa yote, kisha unapima tena. Inatakiwa joto sawasawa na sekunde chache tu. Ukizidisha, plastiki inayoshika meno inayeyuka. Tulikuwa na konekta sita ndani na mbili za akiba, jumla nane.

Gidion aliwapigia watu wa roketi, akawaeleza ukweli wote. Wakatupa siku moja ya nyongeza. Vijana walitaka kukesha, nikakataa. Mkono uliochoka haulehemu, unachafua. Tulianza alfajiri jua linatoka na kuacha jua likizama, siku zote zile, na nawasihi nanyi mshike hivyo.

Konekta ya kwanza ya akiba ilipochovywa, plastiki yake ilivimba kama andazi. Mimi ndiye niliyekuwa nashika saa, na nilichelewa kusema toa. Ikaingia sanduku jekundu. Rehema akashusha joto kidogo, tukajaribu ya pili, na hiyo ikatoka inang'aa, laini, meno yote yamefunikwa mpaka shingoni. Tukaanza kutoa zile sita. Nne zilitoka vizuri. Ya tano, jino likavunjika na kubaki ndani ya bodi, kile kibao chenye njia za umeme. Rehema aliweka vifaa chini, akatoka nje, akasimama ukutani kwenye upepo. Sikumfuata. Baada ya muda akarudi, akanawa mikono, akakaa, akalitoa lile jino kwa ncha ya sindano kama anamtoa mtoto mwiba. Bodi ilikuwa nzima. Ya sita ikatoka bila matata.

Mmehesabu? Zimebaki sita kwa nafasi sita. Hakukuwa na nafasi ya kukosea tena. Wakati wa kuzichovya zilizobaki hakuna aliyeongea humo ndani isipokuwa mimi na saa yangu: "Ingiza. Toa. Ingiza. Toa." Yohana mwenyewe alikuja Singida na kifaa chake amekipakata kama mtoto mchanga, akapima konekta zote sita kabla hazijarudi mahali pake. Kila jino lilikuwa na risasi yake ya kutosha. Nikaandika namba kwa mkono wangu, miwani usoni, na kwenye nafasi ya maelezo ya kosa niliandika jina langu kamili.

Rehema alilehemu upya. Tukatikisa upya, tukaoka upya, muda mfupi kuliko mara ya kwanza kama kiwango kinavyoruhusu kwa kazi iliyorudiwa. Gari lilipofika, wino kwenye ukurasa wa mwisho wa faili ulikuwa bado haujakauka. Tuliusindikiza mzigo ule mpaka barabarani, watu wazima tukipunga mikono kwa sanduku!

Roketi iliruka salama nchi ya watu. Siku setilaiti ilipotakiwa kupita juu yetu mara ya kwanza tulikuwa wote juu ya paa la karakana, kwenye antena, upepo unatoka upande wa ziwa na kupeperusha makaratasi. Saa tatu na dakika kadhaa asubuhi, kulingana na hesabu za Gidion, ikapita. Hatukusikia kitu. Mvumo tu wa redio, kama mafuta yanachemka. Gidion alisema huenda antena ilielekezwa vibaya. Alisema mara mbili. Rehema alikuwa anatazama miguu yake. Mimi nilikuwa nawaza zile konekta sita na saa yangu, nikijiuliza ni ipi niliyoichelewesha.

Mara ya pili ni baada ya saa moja na nusu. Sijawahi kuona saa moja na nusu ndefu kama ile, hata uchungu wa kumzaa Neema ulikuwa mfupi. Gidion akaigeuza antena, akaikaza kwa mikono. Mvumo. Mvumo. Halafu, katikati ya mvumo, mlio mwembamba: pi, pi-pi, pi. Kompyuta ya Rehema ikajaa mistari.

"Betri!" akapiga kelele. "Betri inaongea! Volti nzuri! Joto zuri! Mama, joto la betri hili hapa, soma, soma!"

Nilisoma. Sikumbuki namba ile. Ninachokumbuka ni kwamba nilipiga vigelegele juu ya paa mpaka wanafunzi wa chuo cha jirani wakatoka madarasani, na Gidion, kiongozi wa timu, msomi mzima, alinibeba akanizungusha.

Tulipotulia, akiwa bado anahema, akaniuliza swali ambalo nanyi mtaulizwa siku moja. "Mama Neema, sasa tuambie. Zile konekta za zamani, tungeziacha, zingetuua kweli?"

"Sijui," nikamwambia.

"Hujui?"

"Sijui, na sitajua kamwe. Pengine zingefika mwisho salama."

Akanikodolea macho. "Yaani siku zote zile, Sekenke, kuchana kazi ya Rehema, kuomba watu wa roketi... kwa kitu ambacho pengine kisingetokea?"

"Ndiyo, mwanangu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea."

Alifikiri kidogo, akataka kubishana, namjua. Lakini Rehema alikwisha kuanza kuhesabu muda wa mzunguko wa tatu, akagundua waya mmoja wa antena umelegea na upepo, na spana imeachwa chini. Nikamwambia ngoja, naifuata mimi. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikashuka zile ngazi mbiombio kama binti wa shule, huku nyuma yangu wote wawili wakiniitia, "Polepole, mama! Polepole!"